Leseni Yenye Tundu

Fundi alizipanga kadi za mkewe juu ya meza ya chakula kama mtu anayejiandaa kucheza karata na mpinzani ambaye hajafika. Pasipoti. Kadi ya mpiga kura. Kitambulisho cha kazi, chenye picha ambayo mwenyewe aliichukia kwa sababu mpiga picha alimwambia asitabasamu naye akatii, jambo ambalo hakuwahi kulirudia maishani mwake.

"Ndizo hizi tu?" Sajenti aliuliza.

"Ndizo hizo. Kitambulisho cha taifa nilikirudisha nilipokwenda kuchukua cheti cha kifo. Walikikata kwa mkasi mbele ya macho yangu."

"Na leseni ya udereva?"

"Ilikuwa kwenye mkoba."

Mkoba ulikuwa kwenye gari, na gari lilichukuliwa na mto mwaka jana, siku ile maji yalipopanda juu ya daraja la chini. Gari lilipatikana limelala chali kwenye matope. Mkoba haukupatikana. Mwili ulipatikana baadaye, mbali sana, na wajomba ndio waliokwenda kuutambua, kwa gauni. Wakamzuia Fundi asiuone. Mkumbuke alivyokuwa, walimwambia. Naye kwa utiifu akamkumbuka alivyokuwa, mchana na usiku, kazi ambayo haina likizo wala kiinua mgongo.

Sajenti alivaa miwani yake, iliyokuwa ikining'inia shingoni kwa kamba, akainamia zile kadi. Alikuwa mama wa makamo aliyestaafu polisi na cheo hicho, na mtaa mzima ukakataa kukistaafisha. Siku hizi alifanya upelelezi wa kujitegemea. Alitafuta magari yaliyoibwa, warithi waliofichwa na waume waliopotea, ingawa waume wengi hawakuwa wamepotea, walikuwa wamehama tu.

"Nisomee tena ule ujumbe."

Fundi hakuhitaji kuitazama simu, lakini aliitazama. "Asante kwa kusafiri nasi. Tunatumaini ulifurahia safari yako ya kwenda na kurudi. Pointi zako zilizobaki zitakusubiri." Akaiweka mezani taratibu. "Na juu limeandikwa jina lake. Lote, mpaka la babu."

"Na laini hii ni yake."

"Niliomba kampuni ya simu inirudishie, nikaitia kwenye simu yake ya zamani. Ninaichaji."

"Ya nini, mwanangu?"

Fundi alisugua kidole kwenye kovu la grisi lililokuwa halitoki mkononi mwake. Alikuwa fundi wa mitambo ya maji ya mji, mtu wa maneno machache, kwa sababu nyumbani maneno yote yalikuwa yakisemwa na mwenzake. Ndiyo maana wote walimwita mwanamke yule Chiriku.

"Watu bado humpigia," alisema. "Siku moja alipiga bwana mmoja wa maabara ya mkoani, hakuwa na habari. Akasema, mwambie nimepata vile vipimo vyake. Nikasema, nitamwambia. Sajenti, nilifurahi siku hiyo! Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake yule bado anasubiri vipimo."

Sajenti alivua miwani. Alitazama maboksi yaliyopangwa ukutani. Nyumba ilikuwa ya kazi, na Fundi alikuwa amehamishiwa kituo kingine. Lori lilikuwa limekwisha agizwa. Kisha ujumbe ukaingia, na Fundi akampigia dereva simu na kumwambia asije.

"Nikihama," alisema, "akija atamkuta nani hapa?"

"Maboksi haya umefunga wewe?"

"Mimi? Nilifunga moja, nikalifungua tena. Amefunga shemeji yangu, mdogo wake, yule wa duka la miwani. Huja akitoka kazini."

"Umemwambia habari ya ujumbe?"

"Sijamwambia mtu. Nimwambie dada yake amepanda ndege, halafu iwe si yeye?" Akasimama. "Twende uwanjani, Sajenti. Nitakaa kimya. Mimi kukaa kimya ninajua."

*

Uwanja ulikuwa mdogo, wa ndege za ndani tu, na mkuu wake wa usalama alikuwa amewahi kuwa kuruta chini ya Sajenti enzi za kwata. Sasa alikuwa na kitambi, kiyoyozi na kiti kinachozunguka, na vyote vitatu vilikuwa vikilalamika.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umenenepa vizuri. Ungekimbizwa na mwizi leo angekuonea huruma."

"Siku hizi wezi tunawatazama kwenye kamera, afande."

"Basi nioneshe kamera."

"Hiyo..." Mkuu alikohoa. "Hiyo ya kaunta inatazama paa. Tumeomba ngazi."

Lakini kompyuta ilikuwa ikifanya kazi, na baada ya kubonyeza na kupuliza vumbi aliipata safari yenyewe. Abiria mwanamke, kwenda mji wa ziwani asubuhi, kurudi jioni ileile, hakuna mzigo. Tiketi ilitolewa kwa pointi za uanachama, kwa hiyo ilijiandika yenyewe jina la mwanachama.

"Aliingia kwa kitambulisho gani?" Sajenti aliuliza.

Hapo ndipo upelelezi wote ulipokuwa umesimama, na aliliuliza swali hilo huku akitafuta leso, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Kwa safari ya ndani abiria huweza kuonesha kadi yoyote ya serikali yenye picha. Pasipoti, kadi ya kura na kitambulisho cha kazi vilikuwa mezani kwa Fundi. Kitambulisho cha taifa kilikuwa vipande viwili kwenye pipa la ofisi. Kilichobaki kilikuwa kimoja.

"Leseni ya udereva," mkuu alisoma.

Fundi, aliyeahidi kukaa kimya, alikaa kimya. Ila alisimama, akashika ukingo wa meza, na uso wake ukawa wa kijana ghafla, mpaka Sajenti akageuka kutazama dirishani.

"Ilikuwa kwenye mkoba," Fundi alisema. "Sajenti, leseni ilikuwa kwenye mkoba wake."

"Nimesikia."

"Basi mkoba anao yeye."

"Au anao mtu aliyeuokota mtoni. Kaa chini."

"Mtu aliyeokota mkoba hafanani naye! Pale kaunta wanatazama sura!"

Hoja ilikuwa na miguu, na Sajenti hakuwa na gongo la kuivunjia. Mkuu wa usalama naye alikuwa na yake. Alikuwa ameshaanza kuona jina lake gazetini.

"Hapa kuna mchezo, afande. Mfu amepanda ndege yangu! Na si hilo tu. Nasikia abiria huyu aliitwa kwenye kipaza sauti mara tatu, na alikuwa amekaa palepale mlangoni. Mtu wa namna hiyo ana hofu. Anasubiri mwenzake ampe ishara. Nitawapigia polisi."

"Piga kesho. Ila kwanza nipe yule aliyemwita."

"Fundi," Sajenti alisema walipotoka, "rudi nyumbani."

"Nikafanye nini?"

"Ukanywe chai. Na maboksi usiyaguse. Usifunge, usifungue."

*

Binti wa kaunta alipima mizigo, alikagua vitambulisho, alitangaza ndege na aliwafungulia abiria mlango. Kitu pekee ambacho hakukifanya ni kuirusha. Sajenti alimkuta anakunywa maji nyuma ya mizani.

"Shikamoo mama. Mkuu ameniambia nisikufiche kitu. Amesema hata nikikuficha utajua."

"Marahaba. Mkuu ananisifu ili nisimwambie mkewe alivyokuwa akilia kwenye kwata. Niambie, abiria huyu unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Mstaarabu. Kilemba cha bluu. Alifika kabla hata sijawasha kompyuta."

"Alikupa leseni mkononi moja kwa moja?"

Binti alifikiri. "Hapana. Alikawia. Wengi hukawia, mama, wanachimba mikoba. Lakini yeye alikuwa ameshika vitu mikono yote miwili. Huku kitambulisho na karatasi imekunjwa, huku leseni. Akatazama huku, akatazama huku. Nikamtania, nikamwambia, dada, safari ya ndani hii, nipe chochote chenye sura yako. Akacheka. Akanipa leseni."

"Ukaikagua."

"Nikatazama sura. Alikuwa mwembamba kidogo kuliko kwenye picha, lakini nani siku hizi si mwembamba kuliko picha yake? Nikatazama jina na la tiketi, sawasawa."

"Na tarehe ya kuisha?"

Binti akanywa maji ambayo hayakuwamo kwenye chupa.

"Binti."

"Haikusomeka, mama. Palikuwa na tundu."

"Tundu?"

"Tundu dogo, la duara, pale pale kwenye tarehe. Ametoboa ili aifungie kamba, asiipoteze. Wazee wengi hufanya hivyo na funguo. Nikaona ni mtu makini."

Sajenti alikaa juu ya mizani ya mizigo bila kuombwa. Namba zilipanda, naye hakuzitazama, kwa heshima yake mwenyewe.

Alikuwa amewahi kukaa miaka kwenye kikosi cha barabarani. Dereva akienda kuchukua leseni mpya, karani wa ofisi ya leseni humtobolea ile ya zamani, palepale kwenye tarehe, kisha humrudishia kama ukumbusho wa ujana wake. Kila dereva analijua tundu hilo, na kila trafiki. Lakini binti wa kaunta alikwenda kazini kwa miguu, na hakuwahi kushika usukani wa kitu chochote zaidi ya toroli la mizigo.

Leseni iliyopanda ndege ilikuwa ile ya zamani. Mpya ilikuwa mtoni, na mkoba wake, na hapakuwa na mtu aliyeuokota.

"Hiyo kamba," Sajenti alisema, "ilikuwaje?"

"Nyeusi, laini. Mwishoni ina kitanzi cha mpira, kinabana na kulegea. Kizuri, hata nikataka kumuuliza amenunua wapi. Kama hiyo yako..."

Binti akanyamaza. Wote wawili walikuwa wanatazama kifua cha Sajenti, pale miwani yake ilipokuwa ikibembea.

"Kama hii yangu," Sajenti alikubali. "Jambo la mwisho. Zile pointi, mwenyewe akiwa amefariki, ndugu yake angeweza kuzitumia kwa jina lake mwenyewe?"

"Angeweza. Ni kuleta cheti cha kifo na kujaza fomu hapahapa kaunta. Tunabadilisha jina la tiketi, hakuna malipo."

"Na pale mlangoni ulipomwita?"

"Hilo ndilo lililonishangaza. Ndege imekwisha itwa, watu wamepanda, yeye amekaa kiti cha mbele kabisa, karibu niguse goti lake. Nikaita jina. Kimya. Nikaita tena, ananitazama mdomoni. Mara ya tatu nikasema, abiria huyu anatakiwa afike mlangoni haraka, ndege inamsubiri yeye. Ndipo akainuka. Akanishukuru, mama. Tangu nianze kazi hii sijawahi kushukuriwa kwa kuita."

*

Duka la miwani lilikuwa na vioo kila upande, hivyo mtu akiingia alijikuta ameingia na wenzake kadhaa wanaofanana naye. Sajenti hakuwapenda hata mmoja wao. Msichana wa duka alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na kilemba chake leo kilikuwa cha njano.

"Karibu mama. Shikamoo. Miwani hiyo umeipata kwa babu yako?"

"Marahaba. Kwa bibi. Babu alikuwa anaona."

"Kaa hapo nikupime. Bure. Hiyo ni aibu kwa mji mzima."

Akamketisha kwenye kiti kirefu, akamvalisha fremu nzito ya kupimia, akaingiza kioo kimoja, akakitoa, akaingiza kingine. Ukutani herufi zilianza kubwa na kuishia kama mchwa.

"Unaona vizuri kwa hiki, au kwa hiki?"

"Cha kwanza."

"Na sasa? Hiki, au hiki?"

"Cha pili. Kuchagua kugumu, ee?"

"Wengi wanaogopa kukosea. Nawaambia hakuna kukosea, sema tu unachoona." Akabadili kioo. "Hiki, au hiki?"

"Kitambulisho changu na cheti cha kifo," Sajenti alisema, "au leseni ya dada?"

Mkono wa msichana ulibaki hewani na kioo chake. Kupitia fremu ile Sajenti alimwona wawili, kisha mmoja.

"Wewe ni polisi."

"Nilikuwa. Sasa ni mama mwenye macho mabovu. Fundi ndiye aliyeniita. Endelea kunipima, wenzako wasigeuke."

Msichana aliingiza kioo. Haikuwa na maana tena kioo gani.

"Shemeji amejuaje?"

"Laini ya dada yako iko hai. Ujumbe wa shukrani uliingia kwake."

"Laini..." Msichana alikaa kwenye kigoda cha magurudumu, kikateleza nyuma kikagonga kabati. "Sikujua, mama. Naapa sikujua! Kwa hiyo amedhani..."

"Amelizuia lori. Anasubiri mlangoni. Hilo ndilo lililonileta, tiketi si shughuli yangu. Leseni uliipata wapi?"

"Alinipa mwenyewe alipochukua mpya. Akasema, chukua, sura hii mimi nimeimaliza, wewe ndiyo unaianza." Alicheka, kisha akajuta kucheka. "Neno la siri la akaunti yake nalijua, ni jina la paka wetu. Alikuwa akiruka kila mwezi kwenda kukagua maabara za ziwani. Akaniahidi, pointi zikitosha, tunakwenda sote, nikuoneshe mawingu yalivyo machafu kwa juu. Mimi sijawahi kupanda. Mwezi uliopita nikaingia kwenye akaunti, nikakuta zimetosha. Zilikuwa zimetosha tangu kabla ya mto."

"Ungeweza kubadilisha jina."

"Nilikwenda na kila kitu. Kitambulisho changu, cheti chake cha kifo. Lakini mama, nimechoka kukipeleka kile cheti. Benki, cheti. Kazini kwake, cheti. Kila ofisi wanalisoma jina lake kimoyomoyo, wanagonga muhuri, wanalifuta. Nimekuwa kama mtu anayemzungusha mji mzima ili wamfute vizuri. Leseni nilikuwa nayo kwa sababu natembea nayo siku zote. Mpaka kwenye foleni nilikuwa sijaamua."

"Yule binti akakutania."

"Akaniambia, nipe chochote chenye sura yako." Alifuta kioo kwa kitambaa, kioo kilichokuwa safi. "Nikampa."

"Na mlangoni? Mkuu wa usalama anasema ulikuwa unasubiri ishara."

"Ishara gani?" Kwa mara ya kwanza alikasirika. "Nyumbani hatumtaji, mama. Shemeji husema 'yeye'. Mama husema 'mwenzako'. Wajomba husema 'marehemu', wanashusha na sauti. Halafu pale, asubuhi, mbele ya watu na mizigo yao, mtu ameshika kipaza sauti anaita jina la dada yangu. Lote. Kwa sauti kubwa, kama anayejua yuko karibu na anachelewa tu. Ningeinukaje? Ningeinuka, angeacha kuita."

Mteja aliingia, akajitazama kwenye vioo vyote, akatoka. Sajenti alivua fremu taratibu. Macho yake yalikuwa yamelowa, na alipangusa, akalaumu vioo.

"Kuna swali nililopaswa kuliuliza kwanza," alisema, "nimelibakiza la mwisho kwa woga. Fundi hakuuona mwili. Wewe uliuona?"

"Tuliuosha mimi na shangazi."

"Gauni linaweza kuvaliwa na mtu mwingine."

Msichana hakujibu kwa mdomo. Aliinama, akavua kiatu cha kushoto, akaunyoosha mguu kwenye mwanga wa taa ya kupimia. Kidole kidogo kilikuwa kimelala juu ya jirani yake, kama mtoto aliyepandishwa mgongoni.

"Wasichana wa kwetu wote tuko hivi. Na yeye kucha ya kidole hicho niliipaka mimi, rangi ya zambarau, Jumapili ile, saa chache kabla ya mto. Nyingine alinikatalia. Alisema hiyo moja tu, kwa siri." Akavaa kiatu. "Ilikuwepo."

"Fundi anajua?"

"Hajaniuliza. Nami sikujua kama kuna mtu anayehitaji kuuliza."

Sajenti alishuka kwenye kiti. Alinyoosha mkono, na msichana akaivua ile leseni shingoni, kutoka ndani ya blauzi, akampa. Kwenye picha Chiriku alikuwa anatabasamu mpaka magego. Ofisi ya leseni nayo labda ilimkataza, lakini siku hiyo hakutii.

"Hii kesho asubuhi tutaipeleka sote wawili kwa mkuu wa usalama. Utaomba radhi, atapiga kelele, nitamkumbusha mambo ya kwata, tutakunywa soda. Lakini kwanza tunakwenda nyumbani kwa shemeji yako. Sasa hivi."

"Mama, mwambie wewe."

"Mimi ninaweza kumwambia nani alipanda ndege. La kidole ni lako."

*

Fundi alifungua mlango kabla kugonga hakujaisha. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe lililotoka kwenye boksi, lenye mikunjo ya boksi. Aliangalia uso wa Sajenti, kisha akaangalia nyuma yake, ukutani mwa ngazi, ambapo msichana alikuwa amesimama na kilemba chake cha njano. Kwa muda mfupi sana, katika kivuli kile, na urefu ule ule, Sajenti aliona alichokiona Fundi, na akasema haraka:

"Ni shemeji yako."

"Namwona," Fundi alisema. "Karibuni."

Sajenti alitoa taarifa yake akiwa amesimama, kama zamani: tundu, kamba, pointi, jina. Alisema yaliyo yake, hakuongeza pole, hakupunguza ukweli. Fundi alisikiliza huku akifunga na kufungua kifungo cha mkono wa shati.

"Kwa hiyo hakuwa yeye kwenye ndege," alisema.

"Hakuwa yeye."

"Lakini hilo halisemi kwamba... Sajenti, hilo linasema hakupanda ndege tu. Mimi nami sijapanda ndege, na niko hai."

Sajenti akamtazama msichana. Msichana akavuta boksi, akaketi juu yake, akaanza na Jumapili: nani alikuwa ameleta ile rangi ya zambarau, nani aliimwaga kwenye mkeka, na Chiriku alivyoutoa mguu mmoja tu nje ya khanga akisema, hiki kimoja, na mume wangu asijue, akijua atataka vyote. Kisha akasimulia alichokiona yeye na shangazi. Alisema kwa maneno machache. Alilia katikati, akamaliza.

Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha maji, na Fundi, fundi wa maji wa mji mzima, hakulisikia.

"Zambarau," alisema mwishowe.

"Eeh, shemeji."

"Ningejua. Angerudi, ningejua jioni ileile. Asingeweza kunyamaza na jambo hilo mpaka chakula."

"Asingeweza."

Akachukua simu, yake mwenyewe, akampigia dereva wa lori. Alisema kwamba aje kesho, ndiyo, mchana, hapana, hataahirisha tena, na samahani kwa usumbufu. Alipomaliza aliiweka simu kando ya ile nyingine na kuzitazama zote mbili. Sajenti alikwisha shika kitasa cha mlango. Ndipo Fundi akamgeukia shemeji yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza habari za safari kwa mgeni aliyefika na vumbi lake.

"Na ndege, uliionaje?"

Msichana alifuta pua kwa ncha ya kilemba. "Mbaya, shemeji! Ilipoinuka nilimkamata mzee wa jirani mkono, sikumwachia mpaka juu ya mawingu. Akaniambia, binti, naomba mkono wangu, nataka kupiga chafya."

Kicheko kilimtoka Fundi kwa ghafla kama maji yanayorudi kwenye bomba kavu, kwanza kwa kukohoa, kisha kwa nguvu, na machozi yake yakatoka pamoja nacho. Akavuta boksi lingine, akakaa mbele yake.

"Nisimulie tangu unatoka nyumbani," alisema. "Usiruke kitu."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Hata foleni."

Sajenti alitoka, akauvuta mlango polepole. Alipokuwa anashuka ngazi bado alikuwa anamsikia msichana ndani, sauti imepanda, maneno yanakimbizana.

"Haya. Kwanza kabisa, shemeji, nilivaa viatu vibaya..."